Aya Niliyoiacha Nje ya Historia ya Gari Lako

Kitengela,
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako.

Kwako Nashipai, binti yangu wa pekee,

MINTARAFU: GARI LA SAMAWATI, NA SABABU YA KWELI ILIYOLIFANYA LIKATAE KUVUTA

Nimeandika kichwa hicho kwa mazoea ya kazi yangu. Nilitaka kukifuta, kisha nikaona nikiache, kwa kuwa bila kichwa ningeweza kuzunguka kurasa tatu kabla ya kukaribia jambo lenyewe. Unanijua.

Kuhusu mambo ya kila siku sitasema neno. Umekuwa mtu mzima muda mrefu, na baridi ya Nakuru utaizoea bila msaada wangu. Sasa hivi uko Ewuaso Kedong kumuaga nyanya yako, nami nimebaki na saa chache za kuandika jambo ambalo nimelinyamazia kwa miezi minane.

Gari lako liliharibiwa na mimi. Kimani hakuliharibu.

Naomba usiache kusoma hapo, ingawa ungekuwa na haki ya kuacha. Nitaeleza kwa utaratibu.

Utakumbuka kwamba juma lile mlikuwa mkimngoja yule mgeni wa kutoka Nairobi, mwenye karakana ya magari ya mashindano, aje siku ya Jumamosi kulitazama gari mlilolijenga wewe na Kimani kwa mwaka mzima. Angeridhika, angewapa ninyi wawili kazi ya kumjengea injini hapa hapa Kitengela, na ile karakana mliyoichora nyuma ya kalenda yangu ingepata kuta. Mimi nilikuwa nikiyasikia hayo kila siku mezani. Ulikuwa ukila kwa mkono mmoja na kunichorea kwa mwingine. Siku moja ulinipeleka hadi kwenye gari, ukafungua boneti, ukanionyesha lile chujio jekundu lililochongoka kama kofia.

"Yeyo, hii ndio pua yake," ukasema. "Tabo, hii ya kusukuma hewa kwa injini, ni mapafu makubwa. Lakini pua ikiziba, mapafu ni bure."

Nilikuelewa vizuri sana. Huo ndio mwanzo wa kosa langu, kwamba nilielewa nusu na nikajiona nimeelewa yote.

Jumatano ulikwenda Kajiado kutafuta mpira wa bomba, ukaliacha gari uani. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa machimbo ya mawe, na unajua vumbi lile linavyoingia hata ndani ya sukari. Nilifungua boneti. Chujio lilikuwa la kijivu. Nikajiambia kwamba mgeni hawezi kuja kuona pua chafu. Nililegeza ule mkanda wa chuma kwa bisibisi ya cherehani yangu, nikalitoa, nikalifua kwa sabuni ya unga, nikalianika kwenye kamba kati ya blauzi zako mbili. Lilipokauka nikaona limekakamaa. Nilipolitoa lilikuwa na mafuta mafuta, sasa halina. Mimi nimelelewa na mwanamke aliyepaka mafuta mikanda ya vibuyu, ngozi za kulalia na miguu yetu sisi watoto, na kwake kitu chochote kilichooshwa kikapoteza mafuta kilirudishiwa mafuta. Nilichukua ule mkebe wa mafuta ya mkia wa kondoo ambao nyanya yako hututumia kwa ajili ya kifua, nikayayeyusha kidogo juu ya jiko, nikapaka kila kunjo kwa ncha ya kidole. Ilinichukua karibu saa moja. Nilikuwa nikiimba. Nikalirudisha mahali pake likiwa linang'aa, na nikaamua nisikuambie, ili uligundue mwenyewe na ufurahi.

Alhamisi gari lilikataa kuvuta.

Nilikuwapo ulipoingia nalo kwa Kimani. Niliwaletea chai kwenye chupa, nikasimama mlangoni mwa kile kibanda cha mabati. Ulishuka ukiwa umekunja uso.

"Haivuti," ukasema. "Nikikanyaga inafikiria kwanza, kama mtu ameulizwa deni. Ikifika gia ya tatu ndio inakata kabisa."

"Usiguze kitu," Kimani akajibu. "Mimi siwezi fungua nati hata moja kabla nipate historia. Nani aliishika mwisho, alishika wapi, alishika siku gani. Kila kitu. Hata kama ni kuipangusa kioo."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi, na wewe ulinisimulia mara nyingi kwamba mafundi wengine hukimbilia kubadilisha vipuri na yeye hukimbilia daftari. Kisha akanigeukia, kwa heshima, na akanipa sifa ambayo sikuistahili.

"Mathe, si wewe ndio Mama Barua? Tuandikie, ikae sawa. Sisi maandishi yetu ni ya kuku."

Nilifurahi, Nashipai. Ni lazima nikiri kiasi cha furaha ile. Mimi niliachia darasa la saba. Kiswahili changu cha maandishi nilikiokota kwenye nakala za barua zilizotupwa nje ya ofisi, nikizinyoosha kwa pasi na kuzisoma kwa sauti hadi nikazijua kwa moyo. Leo watu wanatoka mbali kuja kwenye veranda yangu kule Kajiado ili niwaandikie maombi kwa chifu na kwa kaunti. Lakini wewe na Kimani mlikuwa na elimu ya vyuma, na katika elimu hiyo mimi sikuwa na nafasi yoyote ila ya kuleta chai. Sasa nilikuwa nimeombwa kalamu yangu.

Niliandika aya tano. Nilipomaliza ya tatu, mkono wangu ulisimama. Nilijua kabisa kwamba ya nne ingepaswa kusema: *Kwamba siku ya Jumatano, mimi mama wa mwenye gari nililitoa chujio la hewa, nikaliosha na kulipaka mafuta ya kondoo.* Nilikuwa nimeshaiunda kichwani, ikiwa na nukta zake. Sikuamini kwamba ndiyo sababu. Lakini sikuwa na hakika kwamba siyo, na Kimani alikuwa amesema kila kitu, hata kioo.

Sikuiandika. Nilijiona nikisimama mbele yenu na mkebe wa mafuta ya kifua, nanyi mkicheka. Tena kazi yangu ilikuwa imenifundisha miaka mingi kwamba mwombaji mwema haandiki linalomwumiza. Nakumbuka mzee mmoja aliyetaka niandike kwamba jiwe la mpaka alilisogeza yeye mwenyewe akiwa na hasira, na kwamba anajuta. Nikamwambia, "Mzee, hilo tuliache, litaharibu maombi." Alishinda. Alirudi kunishukuru, akaishika nakala ya barua mbali na uso wake, akasema, "Umeandika vizuri sana, mama. Lakini huyu mtu wa humu ndani mimi simjui." Nilimcheka moyoni. Nilifikiri hajui kusoma.

Baya zaidi ni aya ya tatu. Kimani alikuwa amekwambia kwa simu kwamba Jumanne alirekebisha vali inayodhibiti nguvu ya tabo. Jambo dogo, la kawaida, na wewe ulilikubali. Mimi niliandika: *Kwamba siku ya Jumanne, Fundi Kimani, akiwa peke yake na bila ya mwenye gari kuwapo, aliifungua vali ya tabo na kuibadilisha alivyoona vyema.* Hakuna aliyeniambia niongeze "peke yake." Niliongeza kwa sababu sentensi ilikuwa fupi na sikupenda inavyoishia. Kwa hiyo katika historia nzima ya gari lile, mkono wa binadamu ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa Kimani.

Mliiamini karatasi yangu. Siku mbili nzima niliwaona mkipaka povu la sabuni kwenye mabomba mkitafuta mahali hewa inapovuja, mkitoa plagi, mkipima pampu ya mafuta, mkifungua ekzosi mkidhani kuna kitu kimeiziba. Kimani aliunganisha kompyuta yake, akasoma, akakuna kichwa.

"Inasema hewa inayoingia ni kidogo. Lakini sensa ya hewa ni mpya, niliiweka mimi. Na kulingana na Mathe hakuna mtu amegusa hiyo side." Akachungulia. "Na ona chujio ilivyo safi. Inang'aa kama kiatu ya kanisa."

Kisha akavuta pumzi kwa pua.

"Nashi, ulibeba mbuzi kwa hii gari?"

"Mbuzi gani?"

"Ikichemka inanuka kama kichinjio."

"Hiyo ni pua yako. Lunch ulikulia wapi?"

"Kwa kibanda."

"Basi ni wewe unanuka."

Mlicheka, mkapigana mabega kama kaka na dada. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, na nilicheka pamoja nanyi. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, mengine makubwa kuliko hilo. Lakini kicheko kile ndicho ninachokisikia ninapofua nguo. Ilikuwa imebaki sentensi moja tu, ningeisema hata kwa mzaha, nanyi mngenitania mwaka mzima, na Jumamosi gari lingevuta.

Jumamosi nilisimama nawe kando ya ile barabara ya changarawe nyuma ya machimbo. Sitaieleza. Nitasema tu kwamba niliuona uso wako wakati lile gari dogo la kwenda kanisani, mlilolileta kwa kulinganisha, lilipokupita. Yule mgeni hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Vijana, gari imevaa suti, lakini haijakula," akaingia katika gari lake na hakungoja chai.

Na mlipobaki ninyi wawili, ukamwambia Kimani:

"Ulishika hiyo vali nikiwa siko."

"Nilikuambia kwa simu, Nashi."

"Imeandikwa ulikuwa peke yako."

"Imeandikwa na mathe yako."

"Mathe yangu hadanganyi."

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwenu.

Juma lililofuata ulinijia ukitaka barua ya kuvunja ushirika wenu. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nina kazi nyingi. Badala yake nilikuandikia kurasa tatu, na nitakuambia jambo la aibu: ile ndiyo barua bora niliyowahi kuandika. Nilihifadhi nakala. Nilimsomea mwenzangu wa veranda, akapiga makofi. Ilimwita kijana yule mtu "asiyestahili kuaminiwa na chombo cha moto," na nilipofika hapo nilisita ili kuchagua kati ya "kuaminiwa" na "kukabidhiwa."

Huenda ukauliza kama nilijua. Wakati ule sikujua. Niliogopa tu. Lakini nimegundua kwamba hofu ile ilitosha kunifanya niseme, kama ningetaka kusema. Nilijifariji kwamba wenye ujuzi wamepima kila kitu, na kwamba mafuta ya kondoo hayajawahi kumdhuru mtu. Gari ukalifunika turubai, na hukulifunua tena. Ukaanza kutafuta kazi mbali, hadi ukapata hii ya kupaka grisi mabasi ya mtu mwingine, wewe uliyejenga injini kwa mikono yako. Ulipoipata ulisema, "Angalau huko hakuna mtu ananijua." Nikajibu kwamba ni uamuzi wa busara.

Wiki tatu zilizopita alikuja kwenye veranda yangu dereva mmoja, akitaka nimwandikie mwajiri wake barua ya kuomba radhi. Alikuwa amelisafisha chujio la pikapu ya mwajiri na kulipaka mafuta mengi ya injini, kwa nia njema, na pikapu ikakataa kupanda mlima.

"Mafuta ilivutwa ndani ikashika ile sensa ya hewa," akanieleza. "Iko na kawaya kadogo hivi, kama unywele. Ikishikwa na mafuta inadanganya kompyuta hewa ni kidogo, na gari inanyimwa nguvu. Sasa Mama Barua, weka tu chujio ilitoka dukani ikiwa mbovu."

Kalamu yangu ilibaki hewani.

"Kwani wino imeisha?" akauliza.

Nilimwambia haujaisha. Nilimwandikia ukweli, kwa maneno machache, na hakufurahi nayo. Kisha nilifunga meza nikarudi nyumbani saa nane mchana, ukaniuliza kama naumwa. Nikasema ni kichwa.

Hizo wiki tatu sina utetezi wowote juu yazo. Sasa nilijua. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nilikuona ukikunja nguo zako na nikasema kesho. Wewe mwenyewe umenisikia mara ngapi nikiwalaumu wakubwa wa ofisi wanaokalia faili za watu.

Leo ulipoondoka kwenda Ewuaso nilivaa kanzu yangu ya kazi nikaenda kumtafuta Kimani. Hayuko tena katika kile kibanda cha mabati. Anatengeneza pikipiki pale stendi ya boda boda, amekaa juu ya debe la rangi. Nilimsalimia. Alijibu "mzuri" bila kuinua macho, lakini alinisogezea kiti. Sikukikalia. Nilisema yote nikiwa nimesimama, na kwa mara ya kwanza maneno yangu hayakuwa na mpangilio wowote.

Alipangusa mikono kwa muda mrefu.

"Mafuta ya nini?"

"Ya kondoo."

"Ya kondoo," akarudia. Nilidhani atacheka, na ningeshukuru. Hakucheka. "Mathe, mimi nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi. Nikifunga gari ya mtu, usiku silali, asubuhi naenda kuifungua tena niangalie. Wateja wakachoka. Ndio niko kwa pikipiki. Pikipiki iko na nati kidogo."

Hilo ndilo nililomfanyia mtoto wa watu, Nashipai. Nilikuwa nimehesabu karakana iliyokosekana, na urafiki wenu, na kuondoka kwako. Hilo la mikono yake sikuwa nimelihesabu.

Alikuja nami hadi nyumbani. Aliondoa turubai, akaitoa sensa, akaipulizia dawa yake ya kopo mara nne na kuingoja ikauke, akaliosha chujio hadi maji yakaacha kutoka na mafuta. Kisha akaniambia niingie. Tulipita machimbo, tukafika pale changarawe inaponyooka, akakanyaga. Kichwa changu kiligonga kiti. Sikuwahi kulipanda gari lako likiwa zima, na sikujua kwamba hicho ndicho mlichokuwa mkikijenga. Niliona mawe ya kando yakirudi nyuma kama yamevutwa na kamba, na nikalia, na si kwa woga.

Tuliporudi uani Kimani aliligeuza gari likatazama barabara, akazima injini. Alibaki ameushika usukani.

"Miezi minane," akasema. Halafu: "Nashi anajua?"

"Nitamwandikia. Nitaiweka barua ndani ya begi lake."

"Ataisoma akiwa wapi?"

"Nakuru."

Alitoa ufunguo, akaniwekea mkononi. "Basi hujamwambia," akasema, na akashuka, akarudi stendi kwa miguu.

Ndipo nilipokaa hapa kuandika. Nakiri kwamba mpango wangu ulikuwa huo wa begi. Nilitaka uisome ukiwa mbali, kazi umeshaianza, mlango umeshafungwa, ili hasira yako inifikie ikiwa imepoa na wewe usiwe na la kubadilisha. Ningeendelea kukuchagulia kile unachoruhusiwa kukijua na wakati wa kukijua. Kijana yule aliliona hilo kwa swali moja, mimi nisingeliona kwa kurasa kumi.

Kimani sikumwomba akusamehe kwa maneno uliyomwambia, kwa kuwa uliyasema kwa kuiamini karatasi yangu. Nimemwandikia historia mpya, aya moja, yenye jina langu na sahihi yangu, amwonyeshe yeyote apendaye. Hajaniambia kama atataka kukuona, nami sitamsemea. Anakaa stendi hadi saa kumi na mbili. Gari liko uani, limeelekezwa barabarani, na ufunguo uko juu ya meza. Nakuru ingalipo kesho, na kesho kutwa pia. Kama utakwenda, nenda kwa kuwa unataka kwenda, na usiende kwa kuwa mimi nilikuficha sababu ya kubaki.

Sikuombi unisamehe leo. Najua namna ya kuliomba jambo hilo kwa heshima zote, nina maneno yake tayari, na ndiyo maana sitayatumia. Utakaponiuliza swali lolote nitalijibu kwa mdomo, hata nikigugumia. Nitakaa mkabala nawe hadi ufike mwisho wa karatasi hizi.

Nasikia lango. Sijazitia kwenye bahasha.

Niliyefanya haya ni mimi,
Yeyo wako.